Mzee Ghala wa Dongobesh

Baba yangu, Xavery Bura, aliigiza katika filamu saba za serikali na mchezo mmoja wa televisheni, na jina lake halikuandikwa mwanzoni hata mara moja. Liliandikwa mwishoni, wakati watu wanakung'uta nguo na kutafuta viatu vyao, na mara mbili liliandikwa vibaya. Kwa kawaida alionekana dakika nne, ikizidi sana tano. Hata hivyo watu waliotoka kutazama walimzungumzia yeye njia nzima, wakamsahau kijana mzuri aliyeshika jembe tangu mwanzo mpaka mwisho.

Alikuwa mkulima. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko juu ya Dongobesh, mahali pa baridi na ukungu, tukilima mahindi, maharage na ngano kidogo, tukifuga ng'ombe watano na kondoo. Kilichomponza ni uso wake. Mashavu yalikuwa yamebonyea, macho yameingia ndani, na kovu lilikata nyusi ya kushoto mahali alipopigwa pembe na ng'ombe akiwa mdogo. Akikaa kimya watu walidhani amekasirika. Mama yangu, Genoveva, alituambia kwamba posa ilipoletwa kwao alikaa siku tatu akiogopa. Siku ya nne akamwona baba akimnywesha maji kondoo kipofu kwa kiganja chake, akakubali.

Kuigiza alikuanzia misheni. Kila Ijumaa Kuu waumini waliigiza mateso ya Yesu, na hakuna aliyetaka kuwa Yuda. Katekista Joakimu alimwomba baba, naye akakubali kwa sababu aliona kukataa kungemwaibisha katekista. Mwaka wa kwanza watu walicheka alipotokea. Mwaka wa pili hawakucheka. Mwaka wa tatu bibi yangu, mama yake mzazi, alikataa kula naye chungu kimoja kuanzia Ijumaa hiyo hadi Jumapili ya Pasaka, na alikuwa mtu asiye na utani.

Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, kikundi cha watengeneza filamu kilifika kutoka Dar es Salaam. Walitaka kupiga filamu kuhusu kijiji cha ujamaa na wakachagua kwetu kwa ajili ya mashamba na mandhari. Kiongozi wao aliitwa Didas, mtu wa Bukoba, mfupi, mwenye miwani minene, aliyetafuna punje za kahawa kutwa nzima. Alikuja na waigizaji wake wanne. Mmoja wao, aliyepangwa kuwa tajiri mbaya wa kijiji, aliogopa ng'ombe. Siku ya tatu alikataa kabisa kuwasogelea maksai, siku ya nne baridi ikamwingia kifuani, siku ya tano akapakiwa kwenye gari la kwenda Arusha.

Didas akamwendea katekista. "Hapa kwenu kuna mtu anayeweza kuigiza mtu mbaya?"

"Yuda tunaye," katekista alisema.

Walikuja nyumbani asubuhi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikapewa kazi ya kuleta viti. Didas alimwamkia baba shikamoo, akakaa, akamtazama usoni muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Mzee Xavery, tunamtafuta mtu wa kuwa Mzee Ghala. Ana mahindi mengi, na njaa ikija anakataa kuwapa wenzake."

"Anakataa kwa nini?"

"Ni mnyonyaji."

"Hilo nimelisikia redioni. Nauliza yeye mwenyewe. Akilala, anajiambia nini?"

Didas alivua miwani akaifuta kwa shati. "Hilo sikuliandika," alisema.

"Basi nipe siku mbili."

Mama alingoja wageni waondoke. "Yuda alikuwa wa siku moja kwa mwaka," alimwambia baba. "Huyu wakishampiga picha atabaki." Baba alisema ni mchezo tu. Mama hakubishana, lakini miaka iliyofuata nilimsikia mara nyingi akisema, "Nilisema mimi," kwa sauti ya chini, akiwa anapepeta maharage.

Siku ya kupiga picha nilikuwapo. Mwanamke mwenye watoto watatu anakuja kwa Mzee Ghala kuomba mahindi. Mwanamke huyo aliigizwa na mke wa mwalimu wetu, Ludovika, mwenyeji wa Moshi. Katika maandishi ya Didas, Mzee Ghala alitakiwa kupiga kelele na kumfukuza kwa fimbo. Baba hakupiga kelele. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akageuka akatazama kihenge cha mahindi, akaweka kiganja juu ya mfuniko wake, akaubonyeza polepole kama mtu anayehakikisha umefunga vizuri. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Mwaka huu hata sisi wenyewe hatujui." Ludovika alisahau maneno yake akaanza kulia kwelikweli, na Didas hakusimamisha kamera.

Baadaye alimuuliza baba, "Kwa nini hukupiga kelele?"

"Mwenye mahindi hana haja ya kupiga kelele."

Filamu ilirudi kwetu baada ya miezi, kwenye Land Rover ya sinema yenye jenereta. Waliionyesha jioni kwenye ukuta wa ghala la ushirika uliopakwa chokaa. Mwanzoni watu walicheka kuona ng'ombe wao na wajomba zao ukutani. Baba alipobonyeza ule mfuniko, kicheko kiliisha. Nilisikia mtu nyuma yangu akisonya. Nikageuka kumtafuta baba, nikamwona amesimama pembeni kabisa, amekunja mikono, akijitazama kama mtu anayekagua ukuta alioujenga.

Kesho yake shuleni nikawa mtoto wa Ghala. Msichana mmoja, Perpetua, aliniambia mbele ya wote kwamba nyumbani kwetu tunakula usiku tukiwa tumefunga mlango ili tusigawe chakula. Nilimng'ata mkono. Mwalimu aliniadhibu, nami nilikwenda nyumbani nikiwa nimemkasirikia baba kuliko Perpetua.

Land Rover ile ilizunguka wilaya zote, Mbulu na Hanang. Mwaka uliofuata baba alikwenda Masakta kutafuta mbegu ya maharage. Alitembea kutwa, na alipofika kwenye nyumba ya kwanza aliomba maji ya kunywa. Mama mwenye nyumba alimtazama, akautambua uso, akaenda kwenye mtungi wake, akaweka kiganja juu ya mfuniko akaubonyeza. Baba alitusimulia hayo akila ugali, na sijawahi kumwona amefurahi namna ile.

"Aliubonyeza vizuri kuliko mimi," alisema. "Mkono wake ulikaa zaidi."

"Maji ulipata?" mama aliuliza.

"Nilipata kwa jirani yake. Yeye hakuwa ameona filamu."

Didas alirudi tena na tena. Kila alipohitaji mtu wa kutazamwa kwa jicho baya, aliandika barua. Baba akawa mlanguzi aliyeficha sukari. Akawa mlevi anayelala shambani jua likiwa utosini. Wakati wa kampeni ya afya akawa mkaidi anayekataa kuchimba choo mpaka kijiji kizima kinaugua. Akawa mzee anayekataa elimu ya watu wazima na kukalia kitabu chake. Mara nyingine walipiga picha kwetu, mara nyingine walimchukua hadi Dodoma au Morogoro, akarudi na blanketi au kilo mbili za chumvi. Filamu iliyoniumiza zaidi ni ile aliyomkatalia binti yake shule. Baba huyu huyu alinivusha mto mgongoni masika mbili mfululizo ili nisikose masomo. Wenzangu waliniuliza, "Kumbe ulitorokaje ukafika darasani?"

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilimuuliza kwa nini haombi kuwa mtu mwema angalau mara moja.

"Mtu mwema wanaye," alisema. "Wanamtoa Dar es Salaam, ana meno mazuri."

"Nauliza kweli, baba."

Alifikiri. Baba hakuwahi kulijibu swali kabla ya kuligeuzageuza. "Mtu mwema hana shida ya kupata mwigizaji, kila mtu anataka kuwa yeye. Yule Ghala hakuna anayemtaka. Nilipomfikiria zile siku mbili, niliona kwamba aliwahi kufiwa na mdogo wake kwa njaa. Ndiyo maana hafungui. Anaogopa."

"Hilo halimo kwenye filamu."

"Halimo. Lakini limo mkononi."

Sikumwelewa, au sikutaka kumwelewa.

Mwaka 1974 tulihamishwa. Nyumba zote za mteremkoni ziliachwa, tukapangiwa viwanja kwa mistari kwenye kijiji kipya chini, tambarare, kila mtu akimwona mwenzake anachopika. Mvua zilikuwa zimekosa mwaka uliotangulia, na mwaka huo nazo zikawa haba. Watu walikula mboga za porini. Chakula cha msaada kilikuja mara moja, hakikutosha. Katika hali hiyo maneno yakaanza kwamba haiwezekani Xavery awe hana kitu. Hakuna aliyeweza kusema ameona nini. Ila kila mtu alikuwa ameona.

Asubuhi moja mwenyekiti wa kamati ya kijiji, Marko, alikuja na mgambo wanne. Marko alikuwa rafiki wa baba tangu utotoni, walichungia ng'ombe pamoja. Alisimama mlangoni akitazama chini.

"Bwana Xavery, utatusamehe. Watu wanasema sana. Kamati imeona tuje tutazame, ili maneno yaishe."

"Karibuni," baba alisema. "Genoveva, weka chai."

"Chai haina majani," mama alijibu kutoka jikoni, "na leo sina moyo wa kuchemsha maji matupu."

Walifungua kihenge. Kilikuwa na mbegu tu, debe moja na nusu, imepakwa majivu ili isiliwe na wadudu. Walitazama chini ya vitanda. Walichokoa zizi kwa fimbo. Marko akasema inatosha, twendeni.

"Bado," baba alisema. "Tazameni darini. Katika ile filamu ya sukari nilificha darini."

Sijui kama alitania. Uso wake ulikuwa ule ule. Mgambo mmoja alipanda kweli, akashuka na utando wa buibui kichwani na mkono mtupu. Majirani walikuwa wamesimama kwenye mistari ya viwanja vyao wakitazama, na Perpetua alikuwa miongoni mwao.

"Utusamehe," Marko alirudia.

"Hamna kosa. Watu wameamini walichokiona, na mimi ndiye niliyewaonyesha."

Walipoondoka nilimwambia baba maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima. Nilimwambia ametuuza sisi kwa sababu ya blanketi na chumvi, kwamba anapenda kuchukiwa, na kwamba laiti ningekuwa na jina la baba mwingine. Mama aliniita kwa ukali nikanyamaza. Baba alikuwa anarudisha mbegu kwenye kihenge kwa viganja, na aliendelea kurudisha.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kuanza mafunzo ya uuguzi. Nilimuaga mama vizuri. Baba nilimpa mkono tu. Huko chuoni nilimwandikia mama barua kila mwezi na nilikuwa mwangalifu nisimtaje baba, hata salamu.

Kwa hiyo habari za Unguja nilizipata kwa barua za mama. Wakati huo bara hapakuwa na televisheni, lakini Unguja ilikuwapo, na rafiki mmoja wa Didas alikuwa akitengeneza michezo huko. Alimhitaji mzee wa bara, mwenye lafudhi ya bara, akae nje ya hospitali akimsubiri binti yake anayepasuliwa. Didas alimtaja baba. "Safari hii hatakuwa mtu mbaya," mama aliandika. "Amefua shati mara mbili."

Baba alikwenda mwezi wa saba mwaka 1975. Alipanda basi hadi Arusha, basi jingine hadi Dar es Salaam, kisha meli, akatapika njia nzima. Alikaa wiki tatu. Alirudi na karafuu kwenye karatasi na kanga ya mama. Mama alimuuliza ilikwendaje.

"Nilikaa kwenye benchi," baba alisema.

"Watu walikuona?"

"Wa Unguja waliniona."

Watu wa kijijini walipouliza, wengi hawakuamini, kwa kuwa sinema waliijua kwa Land Rover, na hii ilikuwa sinema ambayo haiwezi kuletwa popote. Mchezo ulirushwa hapo hapo ulipokuwa unaigizwa, ukapita. Kwa mara ya kwanza baba aliigiza mtu mwema, na hakuna mtu wa kwetu aliyeweza kuuona. Baada ya hapo barua za Didas zilikoma. Tulidhani ni umri.

Nilimaliza mafunzo nikapangiwa kazi kwenye kituo cha afya upande wa Hanang, jirani na mashamba makubwa ya ngano. Tulikuwa watumishi saba. Niliyezoeana naye zaidi alikuwa mkunga, dada Zuwena, mwenyeji wa Unguja. Mumewe alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano, dada Zuwena akamfuata huku, na kila asubuhi alilalamikia baridi yetu kama vile imeletwa kwa ajili yake. Alipotambulishwa kwangu siku ya kwanza, nilipotaja jina langu alitabasamu peke yake. Nilidhani ni ukarimu.

Na baba? Tulikuwa tumepatana kwa namna watu wanavyopatana bila kusema kitu. Nikienda likizo nilimwamkia, aliitika, tulizungumza habari za mvua. Yale maneno ya siku ya upekuzi yalikuwa bado yamekaa kati yetu, na kila mmoja aliyazunguka.

Juni mwaka 1979 kifua kilimbana baba, mama akamlazimisha aje kwangu. Alikuja kwenye lori la ngano. Nilikuwa nafunga vidonda, wagonjwa walikuwa wengi, nikamwambia akae kwenye benchi la nje, daktari atamwita. Alikaa pale na kofia yake mapajani.

Dada Zuwena alitoka chumba cha wazazi akiwa amebeba sinia la vyombo. Alipofika mlangoni alisimama. Niliona mgongo wake tu, lakini alisimama muda mrefu.

"Hilaria," alisema bila kugeuka. "Yule mzee pale nje ni nani?"

Nilijiandaa. Filamu zilikuwa zimefika hadi kwenye kambi za mashamba ya ngano, na nilikwisha kuulizwa hivyo na watu wengi. "Ni baba yangu."

"Baba yako mzazi? Amewahi kufika Unguja?"

"Mara moja. Miaka minne iliyopita."

Aliweka sinia juu ya meza. "Basi ndiye."

Nikaendelea kuzungusha bendeji kwenye mguu wa mgonjwa wangu, na dada Zuwena akanisimulia akiwa ameegemea meza.

"Tulikuwa tukitazama kwenye ukumbi wa mtaa. Televisheni moja, watu mia. Mchezo wenyewe ulikuwa wa vijana wawili wanaotaka kuoana, hata mwisho wake siukumbuki. Katikati kijana anakwenda hospitali kumtafuta daktari, na kwenye benchi amekaa mzee kutoka bara. Tulishaambiwa nyuma kwamba binti yake anapasuliwa, anaitwa Mwajuma. Kijana akamuuliza, mzee, unamngoja nani? Mzee akasema, namngoja mwanangu. Akamuuliza, mwanao anaitwa nani? Basi yule mzee akanyamaza. Alinyamaza hivi mpaka watu wakasema mashine imeharibika, mmoja akaenda kuigonga. Kisha akasema, Hilaria."

Nikaacha kuzungusha bendeji.

"Kwetu hakuna Hilaria," dada Zuwena aliendelea. "Watu walicheka. Yule kijana mwigizaji alichanganyikiwa, maneno yakampotea. Lakini mzee alikuwa analia, na hakulia kimchezo. Alijifuta kwa mgongo wa mkono, akageuza uso upande, kama mtu anayeona haya. Ukumbi mzima ukatulia. Mama yangu alisema, huyu ana binti kweli, na baina yao pana jambo. Siku nyingi sana mtaani kwetu mtu akichelewa tulikuwa tunasema, tunamngoja Hilaria. Nilipofika hapa nikasikia jina lako, nikacheka moyoni. Nilidhani nikikuambia utaniona mpuuzi."

Mgonjwa wangu, mzee wa Kibarabaig aliyekatwa na shoka, aliniuliza kama mguu umeharibika zaidi, maana aliona nalia. Nilimwambia mguu unaendelea vizuri. Nikafunga fundo, nikanawa mikono, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi kando ya baba.

"Daktari ananiita?" aliuliza.

"Bado. Baba, kwa nini hukuniambia ulilitaja jina langu Unguja?"

Aligeuza kofia mapajani, akaigeuza tena. "Nani amekuambia?"

"Dada Zuwena. Aliuona ule mchezo. Yeye na mama yake, na mtaa wao mzima."

"Aliuona?" Nadhani hakuwa amewahi kukutana na mtu hata mmoja aliyeuona. "Niliuharibu mchezo wa watu," alisema. "Yule bwana alikasirika, alikuwa na haki. Alimwandikia Didas kwamba mzee wako hawezi kushika hata jina moja. Na lilikuwa jina moja kweli. Mwajuma. Nililirudia melini njia nzima, hata nilipokuwa natapika."

"Sasa ilikuwaje?"

"Aliponiuliza, nikaliendea pale nilipoliweka, halikuwapo. Lililokuwapo ni lako." Alisugua kovu la nyusi. "Ulikuwa hujaniandikia miezi saba. Nilisahau kwamba ninaigiza."

Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia yote, kuanzia siku ya Perpetua, na yale maneno niliyoyasema mgambo walipoondoka. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza Ludovika mbele ya kamera, ila safari hii mkono wake aliuweka juu ya wangu.

"Nilikuwa nimekasirika kidogo," alisema. "Hasa lile neno la blanketi. Lilikuwa blanketi zuri."

Dada Zuwena akatoka na kadi ya baba mkononi. Aliinama kidogo mbele yake. "Shikamoo baba. Daktari anakuita."

"Marahaba mwanangu."

"Kabla hujaingia, nina swali. Ule mchezo haukutuambia. Binti alipona?"

Mtu mwingine angecheka. Baba alilichukua swali lile kama alivyochukua maswali yote, akalitafakari akiwa amesimama, kofia mkononi, wagonjwa wengine wakimtazama.

"Alipona," alisema. "Ilichukua muda."

Akaingia kwa daktari. Kifua kilikuwa na maji kidogo. Alipewa dawa, akakaa kwangu wiki mbili, na jioni dada Zuwena alikuja na chai yenye tangawizi kumuuliza habari za kuigiza. Baba alimweleza mambo ambayo hakuwahi kutueleza sisi, kwa kuwa hatukuwahi kumuuliza. Alimweleza kwamba yule mlevi wa shambani aliogopa kwenda nyumbani, na kwamba mkaidi wa choo alikuwa na mgongo mbovu, akaona aibu kusema hawezi kuchimba.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Hakuigiza tena. Kijijini waliendelea kumwita Ghala, wengine bila kujua jina lake halisi, naye aliitika. Televisheni ilipofika sehemu zetu alikuwa amekwisha kuzikwa, karibu na nyumba ya zamani ya mteremkoni, ambako wengi tulirudi polepole bila mtu kututangazia.

Miaka hiyo tisa nilimwandikia yeye, kwa jina lake, kila mwezi. Posta ya siku zile ilikwenda kwa mwendo wake. Mara nyingine nilipata likizo nikafika nyumbani kabla ya barua yangu, naye hakukubali nimweleze kilichoandikwa humo. Alisema afadhali tuingoje. Basi tulikaa nje na mama, tukimenya maharage, tukiingoja.